Bwana Karibuni na Kopo la Mlimani

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ni fundi bomba. Mji wetu umekaa chini ya mlima, na baridi ikikaza mabomba hupasuka ndani ya kuta, kwa hiyo hakuna nyumba ambayo hajaingia, wala sinki ambalo hajalala chali chini yake na tochi mdomoni. Lakini mtaani hakuna anayemwita Fundi. Wanamwita Bwana Karibuni.

Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukifika mlangoni kwake, hujamaliza kusema hodi, yeye keshaitikia: "Karibu! Karibu ndani!" Awe anakula, awe bafuni na povu usoni, awe amelala na homa, karibu yake inatoka kabla hajajua anayebisha ni nani. Mdogo wangu alikuwa akimtania, "Ipo siku utamkaribisha mwizi, tena umshikie na gunia." Naye anajibu, "Mwizi habishi hodi, mama. Anayebisha ana haja yake."

Mimi nilimpenda kwa hilo. Mume wangu alipofariki, ni nyumba ile iliyonipokea, mpaka nilipopata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni iliyo mwanzo wa njia ya mlimani, pamoja na chumba juu ya stoo ya sabuni. Sikuulizwa nitakaa mpaka lini. Niliambiwa karibu, basi.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, wa kike, naye alikuja wamekwisha kata tamaa. Alikuwa mtoto wa kulia. Alilia akishiba, alilia akiwa na njaa, alilia akibebwa na akilazwa. Baba yake alizunguka naye chumbani akisema, "Huyu koki yake imelegea, na mimi fundi mzima nimeshindwa kuikaza." Tangu hapo akawa Koki. Hata walimu shuleni walimwita Koki. Mimi aliniita Mama Mkubwa, na akitaka kitu, Mama Mkubwa Wangu.

Alipoanza kupanda mlimani na watoto wenzake, baba yake alikosa usingizi. Kule juu ukungu hushuka kama pazia, hujui umeshushwa na nani. Basi akakata kipande cha bomba la shaba, urefu wa kidole, akakilainisha kwa tupa na msasa, akakichonga tundu ubavuni, na mdomoni akakiziba kwa kizibo cha mti, akiacha mwanya mdogo wa kupitisha pumzi. Ikawa filimbi. Akamvisha shingoni kwa kamba. "Ukipotea usitembee," akamwambia. "Kaa ulipo, puliza. Nitakuja."

Koki hakupotea hata siku moja, lakini alipuliza. Alipuliza chooni, alipuliza kitandani, alipuliza mpaka jirani wa ukuta wa pili akaja kuomba amani. Asipopuliza alitafuna. Kile kizibo cha mti kikaingia alama za meno yake ya utotoni, yamepangana vizuri isipokuwa moja lililokaa upande. Alama zile hazikufutika. Meno yenyewe yaling'oka, yakaota mengine, alama zikabaki.

Alipokuwa mtu mzima alipata kazi ya kukatisha tiketi kwenye kituo cha mabasi, na siku za mapumziko alikuwa mlimani. Huko ndiko alikoupata ule mchezo wake. Siku ya kwanza alipotueleza tulikuwa mezani.

"Watu wanaficha makopo porini, milimani, popote," alisema. "Halafu wanaweka alama ya mahali penyewe kwenye ramani ya simu. Mtu mwingine, hata wa nchi ya mbali, anafuata mshale wa simu mpaka analipata. Akilipata anaandika jina lake, analirudisha palepale."

"Ndani mna nini?" nikauliza.

"Vitu vidogovidogo, Mama Mkubwa. Kifungo, gololi, kidoli. Ukipenda kitu unachukua, lakini lazima uache chako. Ndiyo desturi. Chukua, acha."

Baba yake akaweka kijiko chini. "Ngoja nielewe. Unaficha kitu, halafu unawaambia watu ulikokificha."

"Ndiyo, baba."

"Si ungekiacha hapa mezani, wakaja wakakipata na chai?"

Mdogo wangu alicheka mpaka akajishika mbavu. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu sijakisikia tena muda mrefu.

Koki naye akaficha kopo lake. Alilipeleka juu kabisa, kwenye mwanya ulio kati ya vilele viwili, ambako jua na mvua hupokezana kabla hujafunga kamba za viatu. Ndani yake akaweka filimbi. Baba yake alishangaa. "Mbona unaiacha?"

"Mimi sipotei tena, baba. Atakayepotea kule juu ataikuta, apulize."

Waliofika kule walikuwa wachache, maana njia ni kali. Waliipuliza, wakaandika kwenye simu kwamba imelia vizuri, wakairudisha na kuchukua kitu kingine. Koki alikuwa akitusomea ujumbe wao jioni, na Shemeji alikuwa akiitikia mezani kana kwamba wamesimama mlangoni: "Karibuni, karibuni tena."

Kisha damu ya Koki ikaharibika. Hospitali walitaja jina la ugonjwa, refu, sikulishika. Nilichoshika ni uso wa daktari. Alipolazwa mara ya mwisho alilifunga kopo lake kwenye simu, yaani aliandika kwamba kwa sasa watu wasije, mpaka mwenyewe apone aende akalitazame. Alimwonyesha na baba yake jinsi inavyofanywa, pa kufungia na pa kufungulia. Hakupona. Tulimzika theluji ikiyeyuka, na jembe lilitoka na tope.

Watu hulia kila mmoja kwa namna yake, na mimi sina la kumhukumu mdogo wangu. Wiki ya kwanza baada ya mazishi aliamka asubuhi, akafungasha kila kilichokuwa cha Koki, nguo, viatu, vitabu, kichana, mto, akagawa. Tulimwacha, tukidhani ndiyo nafuu yake. Hakubakiza hata soksi. Alipomaliza alikaa sakafuni katika kile chumba kitupu, na hapo ndipo alipoanza kulia. Kilichosalia ni simu tu, kwa sababu Shemeji aliing'ang'ania. Kila jioni aliichaji, akaifuta kioo kwa shati.

Siku moja wakati wa joto nilipita kwao na mashuka yaliyochakaa, maana mdogo wangu huyakata matambara. Nikamkuta Shemeji jikoni, miwani puani, anatabasamu. Tangu msiba sikuwa nimeona meno yake.

"Shemeji," akaniambia, "kuna mtu amemuulizia Koki."

Nilikaa chini. "Nani?"

"Simjui. Mgeni. Sikiliza: 'Mwenye kopo, habari? Nitapita huko safarini. Kopo bado lipo? Ningependa sana kuliona.' Sasa ona adabu hiyo. Na wenyewe wanaosimamia mchezo nao wameandika. Wanasema kopo likikaa limefungwa na mwenyewe hajibu, watalifuta kwenye ramani. Walifute! Tumeshamzika, Shemeji. Na kwenye ramani nako wamtoe?"

"Umefanyaje?"

"Nimelifungua. Na yule nimemjibu: 'Lipo. Karibu sana.'"

Alisema "karibu sana" kwa ile sauti yake ya zamani. Nilifurahi. Nilirudi kwangu nikamshukuru Mungu kwa yule mgeni aliyebisha hodi.

Majani yalipoanza kudondoka, mdogo wangu aliacha kula. Hakugoma, hapana, hakuwa na hasira. Ni kama mtu aliyesahau kazi ya kijiko. Akawa mtu wa kitandani. Muuguzi alikuja akambana mkono kumpima presha, akasema akiendelea hivi atapelekwa akaingizwe maji kwa sindano, na hata hayo yatasaidia mpaka mahali fulani tu. Mimi nilikuwa nikimaliza kufua nakwenda kukaa naye na bakuli la supu mpaka supu inaganda mafuta juu.

"Kunywa kidogo, mdogo wangu. Ujikaze kisabuni."

"Dada," akasema, ametazama ukuta. "Ile filimbi ya Koki iko wapi?"

"Si iko mlimani. Kwenye kopo lake."

Akageuka. Macho yalikuwa yamezama, lakini yaliniona. "Niletee. Nataka nishike yale meno. Picha hazinishiki, dada, mimi ndiye ninayezishika. Nikipata yale meno vidoleni, nitakula. Nakuahidi nitakula."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi. Sijui alisimama pale kwa muda gani. "Kesho," akasema. "Kesho naifuata."

Ilibidi iwe kesho kweli, maana theluji ya kwanza ikishuka njia ile hufungwa mpaka mwaka uje. Nami nikasema siendi kazini, namfuata. Magoti yake yameliwa na sakafu za watu, na simu ya Koki anaishika kama yai.

"Utapaweza huko juu, Shemeji?" akaniuliza asubuhi, njiani.

"Mimi napandisha ngazi na mabeseni ya mashuka mabichi kila siku ya Mungu. Jiulize wewe. Na hilo begi la vyuma la nini? Unakwenda kuziba mlima?"

"Nikiliacha natembea upande."

Tukacheka kidogo. Anga lilikuwa limetakata, na msitu wa misonobari ulinuka vizuri. Niliona ile ni dalili njema. Nilisali njia nzima, ombi moja tu, halikuwa kubwa. Ee Mungu, kipande cha bomba. Hukunipa mtoto, sikukuuliza. Nipe kipande cha bomba.

Tulipotoka kwenye miti, upepo ukatupokea. Tukafika kwenye majani mafupi, kisha mawe matupu. Jua likaondoka, mvua ya mawe ikatupiga mpaka tukajibana chini ya mwamba, begi la Shemeji vichwani. Ikakatika ghafla, jua likarudi, nguo zetu zikafuka moshi. Hatujakaa sawa, ukungu. Mlima ule ulitubadilishia uso kama mwenye nyumba asiyejua kama anataka wageni.

Shemeji alifuata mshale wa simu. Ndani ya ukungu mshale ulizunguka, mara mbele, mara nyuma yetu, mara unatuelekeza kwenye korongo. "Tulia, mama," aliiambia simu kwa upole, "tulia, baba yupo." Nilitazama pembeni.

Tulifika kwenye mwanya baada ya adhuhuri. Kuta mbili za mwamba, upepo unapita katikati kwa mluzi, na mawe kila mahali. Mshale ukasema tumefika. Tulifunua mawe, tukachungulia mashimo, tukapapasa nyufa mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna kopo. Ndipo nikamkumbusha kwamba Koki alisema kila kopo huwa na dokezo lake kwenye simu, kwa aliyekwama. Akavaa miwani, akapekua, akasoma.

"Limesemaje?"

Akanipa simu nisome mwenyewe. Yaliandikwa maneno machache tu: *Ukikwama, lala kama baba yangu.*

Mwamba mmoja ulikuwa umetokeza kama meza, chini yake pana nafasi ya mtu mmoja. Shemeji akavua kofia, akaingia chali kwenye tope, kama alivyoingia chini ya masinki ya mji mzima, akawasha tochi, akaiuma mdomoni. Nikaona mikono yake ikipanda juu kwenye giza la mwamba. Nikasikia anaguna. Akatoka nalo kifuani, kopo la maziwa ya unga, limefungwa tepu ile nyeupe ya mabomba aliyoichomoa Koki kwenye begi la baba yake.

Alilia pale, na mimi nikalia, na kilikuwa kilio cha furaha, nisiseme uongo. Tulidhani tumepata.

Kifuniko kilikuwa kimekaza, akakilegeza kwa spana. Ndani mlikuwa na gololi, kifungo cha koti, kikaratasi cha majina kilichovimba kwa maji, sarafu ya nchi nisiyoijua, na bata mdogo wa plastiki, wa manjano, wale wa kuogea watoto. Shemeji akavitoa kimoja kimoja akaviweka kwenye kofia yake. Akainamisha kopo. Akaingiza mkono. Akalipiga kitako. Akavirudisha vyote ndani, akavitoa tena kimoja kimoja, kana kwamba filimbi ingeona aibu ijitokeze.

Hapo jua likatoka, kali, zuri, tukaona bonde lote mpaka mji wetu na moshi wa nyumba zake. Na kwa kuwa pale juu palikuwa wazi, simu ikashika mtandao, ikalia. Ujumbe uliotumwa asubuhi tukiwa njiani ukaingia. Akasoma kwa sauti, kwa sababu ndivyo alivyozoea kusoma ujumbe wa mchezo ule.

"'Mwenye kopo, asante sana kwa kunikaribisha. Bila neno lako nisingepanda. Ni kopo zuri kuliko yote niliyowahi kuyapata. Nimeipenda filimbi, nimeichukua, nimeacha bata wa mwanangu. Nami kama desturi nimeipeleka mbele, nimeiweka kwenye kopo lingine huku ng'ambo ya bahari, ili izunguke dunia. Bado inalia vizuri.'"

Alimaliza. Akakunja miwani.

"Hajakosea," akasema. "Amechukua, ameacha. Ameacha hata cha mwanawe."

"Mwandikie! Mwambie airudishe."

Alimwandikia palepale, mimi nikimwongoza herufi. Na jibu halikuchelewa, maana yule mtu alikuwa mwema, Mungu amlinde popote alipo. Aliandika kwamba hakujua, anaomba radhi mara nyingi, amekwenda kutazama kwenye simu lile kopo la pili, kundi la wasafiri lilipita, filimbi haimo tena, na hawakuandika wameipeleka wapi. Ataendelea kuulizia. Anatupa pole.

Ningempata mbaya, ningeshukuru. Ningepata mtu wa kumlalamikia kwa Mungu. Hapakuwa na mbaya.

Mawingu yakafunga tena. Theluji ikaanza, ile nyepesi isiyo na haraka. Nikamwambia tuteremke. Shemeji alikuwa amekaa juu ya jiwe, bata mkononi, theluji inatua begani na haifuti.

"Wewe teremka, Shemeji," akasema. "Mimi nimefika."

"Umefika wapi?"

"Nimefika tu. Nitamwambia nini? Aliuliza mtu mlangoni, nikasema karibu. Kila siku nasema karibu. Hii moja tu ningenyamaza."

Niliogopa. Nilimjua miaka yote hiyo, sikuwahi kumsikia akizungumza bila sauti ndani yake. Nilitafuta aya ya kumwambia, sikuipata. Nikapata utani tu, ndio ulikuwa karibu.

"Nilikuja na mwanamume," nikamwambia, "sirudi na begi la vyuma. Mdogo wangu ataniuliza mume wake nimemwacha kwenye kopo gani. Amka."

Hakucheka. Lakini aliamka. Alirudisha vile vitu kwenye kopo, na bata pia, akafunga kifuniko, akazungusha tepu mpya vizuri, akaingia tena chali kwenye tope na kulirudisha lilipokuwa. Kazi hajui kuiacha nusu.

Tulipoteana kwenye ukungu wakati wa kushuka. Sikumwona, sikumsikia, nikakaa nilipo kama Koki alivyofundishwa, ila sikuwa na cha kupuliza. Niliita mpaka koo likakauka. Hatimaye nikasikia chuma kikigonga chuma, polepole: Shemeji anagonga spana mbili, anatembea kuja. Hakuita jina langu. Alinishika mkono tu, tukateremka.

Msituni akasema, "Naweza kutengeneza nyingine. Shaba ninayo. Kizibo nitakichonga, nitakiuma mwenyewe."

"Kwa meno ya nani, Shemeji?"

Akatembea kidogo. "Ni kweli," akasema.

Nataka nieleze tulichokikuta nyumbani, ingawa ndicho kinachoniuma kuliko yote. Mdogo wangu alikuwa ameamka. Alikuwa ameoga. Alikuwa amechana nywele na kuzibana, amevaa gauni la kutokea, limemning'inia, amekaa kitandani miguu chini. Kwenye stuli mbele yake alikuwa ameweka sahani na kijiko. Alikuwa amejiandaa kula.

Akanyoosha kiganja.

Shemeji alipiga magoti mbele yake na tope lake lote. Angeweza kusema hatukulipata kopo. Angeweza kusema theluji imetuwahi, twende mwaka ujao. Njiani nilimwona akiyafikiria hayo, nami sikujua ningemwombea afanye lipi.

"Haipo," akasema. "Imechukuliwa."

"Na nani?"

"Mgeni. Aliandika kuuliza kama kopo lipo. Nikamwambia lipo, karibu."

Mdogo wangu alimtazama. Hakupiga kelele. Kiganja chake kilikuwa bado wazi, akakifunga, akakiweka mapajani kama mtu anayerudisha kitu mfukoni.

"Wewe," akasema, taratibu kabisa. "Wewe na karibu yako."

Akainua miguu, akalala, akageukia ukutani, nywele zake zimechanwa vizuri. Nikaondoa sahani.

Kesho yake walimpeleka akaingizwe maji kwa sindano. Alirudi. Anakula sasa, nikimlisha, vijiko kadhaa, kama mtu anayelipia jambo. Njia ya mlimani imefungwa na theluji. Mgeni wetu bado huandika mara mojamoja kwamba ameulizia na hajapata. Siku ya kwanza ya theluji kubwa Shemeji aliniomba nikae naye jikoni, akaifungua simu ya Koki, akaenda pale pa kufungia alipoonyeshwa hospitali. Alikuwa na nafasi ya kuandika maneno ya mwisho ya mwenye kopo. Nilimwona akianza "Samahani", akafuta. Akaanza "Asanteni", akafuta. Akaandika "Msije tena," akabonyeza. Kisha akaichaji simu kama kawaida.

Kazini anakwenda. Mabomba yanapasuka, anaitwa, anaziba. Watu wananiambia mtaani, "Bwana Karibuni siku hizi ameishiwa maneno," na mimi nasema amechoka, tumwombee. Namwombea kila siku, na mdogo wangu, na huyo mgeni, na yeyote aliye na kile kipande cha bomba mfukoni bila kujua anashika meno ya nani. Sijajibiwa. Silalamiki, nasema tu kwamba sijajibiwa.

Nikimaliza kufua naenda kwao na supu. Nafika mlangoni, nabisha hodi. Nasubiri. Nawasikia wote wawili ndani, Shemeji anavuta kiti, mdogo wangu anakohoa. Nasubiri tena kidogo, kwa mazoea. Kisha nafungua mwenyewe, naingia.